Tangazo Lisilofutika

Faridah wa kijiji cha Wamaza alikuwa mwoga, na wala hakuficha. Akisikia bunduki imelia mbali huko, anaingia chini ya kitanda kabla ya watoto wake. Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyeangukiwa na kazi ya kutunza habari za njia nzima, kutoka machimbo ya dhahabu ya Salamabila mpaka Kasongo. Usiniulize kwa nini. Mungu naye ana mambo yake.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Wamaza mtandao haufiki. Lakini kwenye kibanda chake cha kuchajia simu, Faridah alitundika simu moja ya zamani yenye programu waliyoiita babiyari, yaani ubao wa matangazo. Ukikaribia na simu yako, simu mbili zinasalimiana zenyewe, kila moja inachukua matangazo ambayo haina, nawe unakwenda kuyasoma nyumbani umekaa. Motari, vijana wa pikipiki, waliibeba babiyari hiyo mifukoni. Anayetoka Salamabila anaacha habari za huko kwa kupita tu, anayekwenda Kasongo anazichukua. Mbuzi kapotea, mtoto kazaliwa, daraja limekatika, mchele umepanda bei. Asiyejua kusoma, Faridah anamsomea.

Sheria zilikuwa mbili. Ya kwanza aliiweka yeye mwenyewe: hakuna tangazo bila jina la aliyeandika, maana habari isiyo na mwenyewe ni majungu. Ya pili ililetwa na msiba. Mwanamke mmoja alisoma kifo cha mume wake kwenye simu, amesimama sokoni na kapu kichwani, kabla ukoo haujamketisha na kumwambia. Tangu hapo, motari akiona makuti ya mchikichi yamelazwa njiani, alama ya matanga, anazima pikipiki, anazima na simu, anasukuma kwa mguu mpaka wazee wamruhusu kuiwasha. Hata motari mkorofi, asiyemwamkia mtu, hiyo aliiheshimu.

Ile sheria ya kwanza ndiyo iliyotaka kumuua Bulaimu. Bulaimu ni mdogo wake Faridah, tumbo moja, mchimbaji wa dhahabu Salamabila. Aliandika kwamba watu wa bunduki wamejificha kwenye njia ya mtoni, wananyang'anya wachimbaji, piteni njia ya juu. Akatia jina lake chini, kama dada alivyomfundisha. Watu wakapita juu. Wale wa mtoni wakabaki na mbu wao.

Basi wakaja Wamaza kumtafuta mwandishi.

Kijiji kizima kilikimbilia mashambani, na simu zao mifukoni. Faridah alichelewa kwa sababu alibaki kulifuta lile tangazo. Alipomaliza, walikuwa wameshafika mlangoni. Komanda wao akakaa kwenye kiti chake, akaitundua simu, akaipekua bila haraka.

— Mama, nani aliandika habari ya mtoni?

— Sijui, baba. Haiko humu. Angalia mwenyewe.

— Umeifuta. Haina neno. Pikipiki ya Salamabila itakuja, itairudisha. Niliambiwa hizi simu zinasalimiana.

Faridah akageuka kutazama njia ya Salamabila. Alijua ni kweli. Kinachofutwa hapa kinarudi na Iliasi, motari wa Salamabila, na jina la Bulaimu likiwa chini yake kama lilivyoandikwa. Siku nyingine zote alipenda kusikia pikipiki ya Iliasi ikishuka kilima. Siku hiyo aliisikia inashuka, akaomba itumbukie mtaroni.

Hakupanga alichokifanya. Aliwaza makuti tu, yale yanayozima simu za motari. Akaweka mikono kichwani, akaangusha kilio cha msiba, kile cha kutoka kitovuni. Nyuma ya kibanda alikuwapo jirani yake, bibi Régina, ambaye miguu yake haikumruhusu kukimbia na wenzake. Kwetu kilio hakiulizwi. Bibi akatoka, akang'oa makuti kwenye ua wake, akayalaza njiani upande wa Salamabila, naye akaanza kulilia asichokijua.

— Unalilia nani? komanda akauliza.

Faridah akatafuta jina mdomoni, akakuta limo moja tu.

— Mudogo wangu, Bulaimu. Shimo limemuangukia kule Salamabila. Mutu alipita jana akaniambia. Nilikuwa ninaogopa kulia mbele yenu.

Wazee husema kinywa huumba, na kumlilia mtu aliye hai ni uchuro. Faridah aliyaogopa maneno yake mwenyewe kuliko bunduki.

— Andika basi, komanda akasema. Kila mufu wa hapa munamuandika humu, sivyo? Andika nione.

Akaandika, vidole vinakosea herufi, anarudia. Bulaimu, mchimbaji wa Salamabila, amefariki. Chini akaweka jina: dada yake Faridah.

Huko nje pikipiki ilinyamaza. Iliasi alikuwa ameyaona makuti. Akaja anasukuma, simu imezimwa, uso umejaa maswali, maana asubuhi ile ile alikunywa chai na Bulaimu.

— Washa simu, komanda akamwambia.

Mbele ya bunduki, desturi ni nini? Akawasha. Simu zikasalimiana. Tangazo la mtoni likarudi, komanda akalisoma mpaka chini, akamgeukia Faridah.

— Bulaimu ni huyu unayemulilia?

— Ni huyu.

— Na wewe, unatoka kule. Ni kweli?

Iliasi akayatazama makuti, akamtazama Faridah. 

— Ni kweli, komanda. Ni habari nilikuwa ninaleta.

Mtu aliyeliliwa kabla jina lake halijajulikana, nani angemtilia shaka? Komanda akairudisha simu mahali pake, taratibu, kama mtu anayeogopa kuvunja.

— Basi Mungu ametutangulia, akasema. Wakaondoka.

Faridah alianguka hapo hapo. Bibi Régina akawa anammwagia maji usoni, na wakati huo huo Hervé, motari wa Kasongo, akatokea mashambani alikojificha, akapita mbio na pikipiki yake asitazame nyuma. Makuti hakuyaona, yalikuwa upande wa pili. Hakusimama, lakini simu yake haikuhitaji asimame. Alipozinduka, Faridah akafuta tangazo lake la kifo, Iliasi akafuta, kisha wakatazamana.

— Hervé amelibeba, Iliasi akasema.

Kasongo ndiko alikokaa mama yao. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini Faridah alipanda nyuma ya Iliasi wakayafuata. Mnyororo ukakatika njiani, wakafunga kwa waya, ukakatika tena. Njia nzima aliongea peke yake, anaomba Hervé apate pancha, anaomba mama awe ameenda shamba, anaomba simu ya mtu fulani iwe imeisha chaji. Aliombea kila kitu.

Wakakata kona ya mwisho. Mbele ya ua wa mama, makuti yalikuwa yameshalazwa. Iliasi akazima pikipiki, na kwa mazoea akazima na simu.

Uani watu walijaa. Wengine Faridah aliwajua, wengi hapana. Wafanyabiashara wa dhahabu, motari, wanawake wa soko, kila mmoja na simu yake, na kesho nusu yao watakuwa njia ya Salamabila. Alitaka kuinama sikioni kwa mama, aseme neno moja tu. Mama alikuwa kiziwi kidogo. Angeuliza kwa sauti, na kabla ya Jumapili komanda angejua Bulaimu yu hai.

Mama akamwona, akamnyooshea mikono kutoka kwenye mkeka.

— Faridah. Wamemuzika wapi mutoto wangu?

Watu wote wakageuka kusikiliza jibu.

— Kule kule Salamabila, mama, Faridah akasema.

Mama akaangua kilio, Faridah akamkumbatia, akalia naye, na safari hii hakuwa anaigiza. Na matanga ya kwetu hayaishi siku moja.