Nilimpeleka Jirani kwa Mshauri

Kosa nililifanya kabla hata sijapanda ngazi za lile jengo: nilienda kwa mshauri nasaha nikiwa nimesindikizwa na jirani. Kwetu mgonjwa haendi hospitali peke yake. Lazima awepo wa kushika mkoba, wa kugombana na watu wa mapokezi, na wa kumweleza daktari kwamba huyu hali chakula. Mimi sikuwa na homa wala kidonda, ila mazoea yana tabu. Nikamwambia jirani yangu, mama wa Kichaga anayeuza vyombo vya plastiki kwa jumla hapa Kariakoo, "Dada, nisindikize Posta, kwa mshauri." Akafunga duka, akavaa viatu vya kanisani. Ningejua, ningeenda na paka.

Shida yangu ilikuwa mlango. Chumba cha marehemu mama nilikifunga baada ya arobaini, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kanga. Mashangazi walikuja kugawa nguo zake, kama ilivyo desturi. Nikasema nina mafua. Walirudi, nikasema bado nina mafua. Mafua yakavuka mwaka. Nami, ambaye hata zamani kunitoa nyumbani ilikuwa mpaka nibembelezwe, nikawa gengeni kununua mboga pia siendi. Nakaa uani nalinda kitasa.

Ndipo kaka yangu akapiga simu kutoka Tanga. Binti yake kapata chuo cha uuguzi hapa mjini, atalala chumba cha bibi yake. Asipolala kwangu haji, maana kaka hawezi kumwachia mtoto apange kwa watu asiowajua. Nikasema karibuni sana. Nikakata simu, nikaenda kukishika kitasa, nikakiachia. Kesho yake vilevile. Kifua kikaanza kubana. Zahanati wakanipima, hawakuona kitu, wakanielekeza kwa mshauri.

Mshauri mwenyewe binti mdogo. "Shikamoo, mama," akaniamkia. Nikaitikia marahaba huku moyoni nasema, tumekwisha.

"Karibu. Nini kimekuleta?"

"Hatoki nje," jirani akajibu. "Chumba cha mama yake hataki kufungua. Mpe dawa."

"Naomba aseme mwenyewe."

"Huyu? Tukimsubiri huyu tutalala hapa."

"Na usingizi unapata, mama?"

"Anakoroma! Namsikia ukutani."

Ikabidi aombwe akae nje. Alitoka analalama kwamba hata kwa daktari wa meno hawamfukuzi msindikizaji.

Tukabaki wawili. Nilidhani sasa nitaambiwa la kufanya. Binti ananitazama tu. Nami namtazama. Feni inazunguka. Hasira zikanipanda: yaani nimetoka nyumbani, jambo lililostahili kupigiwa vigelegele, nije kutazamana na mtoto wa watu? Nikaanza kulalamika. Nikamsema kaka na amri zake, nikawasema mashangazi na macho yao kwenye kanga za marehemu, nikamsema hata aliyeko nje na viatu vyake. Hakunikatiza. Nilipoishiwa akauliza tu, "Na chumbani kuna nini?"

"Nguo."

"Na nini tena?"

Nikafungua mdomo nimjibu jeuri, likatoka lingine kabisa. "Kuna harufu yake. Nikifungua itatoka, na sina nyingine."

Sikuwahi kumwambia mtu. Mimi mwenyewe nilikuwa silijui mpaka nilipolisikia. Nikalia kilio cha kuchukiza, cha makamasi, mbele ya mtoto niliyemwitikia marahaba. Naye hakunipa dawa, hakuniambia kazi ya Mungu haina makosa, maneno niliyokuwa nimeshashiba msibani. Alisema njoo tena wiki ijayo.

Nilirudi, nanung'unika njia nzima. Kila nikienda nayasema yaleyale, na kila nikiyasema yanapungua uzito, kama mzigo unaoshushwa na kubebwa tena mpaka mabega yauzoee. Sikuona muujiza wowote. Kifua kilibana, kikaachia, kikabana. Siku moja akaniuliza, ukifungua ungependa nani awe karibu? Nilitaka kusema kaka. Mdomo ukasema jirani. Nikauchukia mdomo wangu.

Tulifungua Jumapili, jirani alipotoka kanisani, wiki ambayo binti wa kaka alikuwa aingie mjini. Nikafungua pindo la kanga, nikatia ufunguo kitasani. Joto la mle ndani likatupiga usoni. Nikasimama kizingitini, nikafumba macho, nikavuta pumzi ndefu ya kumtafuta mama, nikaendelea kuvuta. Jirani, amesimama nyuma yangu na ufagio, akanusa mara moja tu.

"Mdogo wangu, humu mama yako hayumo," akasema. "Humu wamo panya, na wameshazaa. Sogea nifungue dirisha, mtoto apate pa kulala."