Moshi wa Mzee Chande

Nakumbuka, mwanangu, Jumamosi moja pale mtaa wa Mtoni nilipotoka mazoezi ya kwaya nikilia, nimejifunika kitenge usoni watu wasinione. Nilikuwa binti mbichi wakati huo, mwalimu mpya kutoka Iringa, nimepanga chumba kwa Mzee Chande.

Ah, nyumba ile! Vyumba sita, korido ndefu, choo uani. Televisheni ilikuwa moja tu, ya mwenye nyumba, na kila jioni alituita wapangaji wote na watoto tukae mkekani sebuleni kwake. Mzee mcheshi, mkarimu, kahawa haikatiki. Ila na sigara nayo haikukatika mkononi mwake. Madirisha tulifunga kwa ajili ya mbu, moshi ukatanda mpaka msoma habari akaonekana kama yuko kwenye ukungu wa kwetu Iringa. Tulikohoa, tukacheka, tukaendelea kutazama. Siku zile moshi ulikuwa kila mahali: ofisini, kwa kinyozi, hata msibani. Tena nani angemwambia mtu wa umri wa baba yake, ndani ya nyumba yake mwenyewe?

Basi sauti yangu ikaanza kukwaruza. Nilikuwa nimepewa ubeti wa kuimba peke yangu siku ya Pasaka, na Jumamosi ile ukanishinda mbele ya kwaya nzima. Mwalimu wa kwaya akanisogelea, akasikia harufu ya kitenge changu.

“Tumaini, umeanza kuvuta sigara?”

“Hapana, mwalimu. Sijawahi.”

“Panapofuka moshi hapakosi moto,” akasema, na ubeti akampa mwenzangu.

Bibi Somoe, mpangaji mwenzetu, mtu wa Lindi, alinikuta uani nakifua kile kitenge kwa hasira. Nikamweleza yote. Nilitegemea pole, nikapata makaripio.

“Unameza moshi kila siku, umekaa kimya, halafu unaita heshima? Heshima si utumwa, mwanangu. Na mie mkubwa wako nimekosa vilevile. Twende.”

Nilimfuata mpaka mlangoni kwa Mzee Chande. Bibi akapiga hodi, akamjulia hali mzee, akauliza habari za wajukuu, ndipo akasema bila kupandisha sauti:

“Mzee mwenzangu, sigara yako hatukukatazi. Lakini mtoto huyu leo kanyang'anywa wimbo kwa moshi asiouvuta. Tunakuomba ukavutie nje.”

Mzee Chande akaitazama sigara yake, kisha akanitazama mimi.

“Mie nilidhani naumeza peke yangu,” akasema taratibu. “Mbona hamkuniambia, wanangu?”

Akatoka nje, akaizima.

Hakuacha sigara, sitakudanganya. Lakini chini ya paa lile hakuiwasha tena. Siku za mpira ndiyo ilikuwa raha! Tukipiga kelele “Goooli!” tunamsikia anakuja mbio kutoka barazani, ndala zikimtoka, anauliza nani kafunga. Sauti yangu ilirudi polepole. Pasaka ile niliimba nyuma na wenzangu. Krismasi nikapewa ubeti wangu, na Mzee Chande, Mwislamu yule, akaja kusimama mlangoni mwa kanisa anisikilize. Mpaka leo, niko huku Chanika na mvi zangu, nikiwakumbuka watu wale moyo unalainika.

Sasa sikiliza, mwanangu. Wewe huvuti, najua. Lakini moshi wa mwenzio utaukuta kituoni, kijiweni, kwenye baa ulikokwenda kula nyama choma, pengine hata chumbani kwa rafiki. Usiumeze kwa haya. Sema mapema, sema kwa adabu, na ukiogopa mtafute mkubwa akusemee. Mficha maradhi, kilio humfichua. Na siku utakapokuwa wewe ndiye mwenye nyumba, usingoje kuambiwa. Wanaokuheshimu ndio watakaonyamaza zaidi.

Mungu akupe kifua chepesi na umri mrefu, akujaalie majirani wa kukukemea kwa upendo, na wewe akujaalie moyo wa kuwasikia. Amina.