Mama Aliyelehemu Gita kwa Samli

Habari ilinikuta karakanani kwangu Bihambwe: yule mama muuza maziwa wa Kirolirwe, mpiga gita la umeme wa kwaya yao, ametutoka baada ya kuugua kwa muda mfupi. Nilizima chuma cha kulehemu, nikakaa. Wasomaji wangu mnanijua, siachi kazi katikati. Niliondoka Masisi na begi moja, nikajisomesha Kampala kwa kutengeneza redio za watu, nikarudi na diploma ya elektroniki. Iko ukutani, ndani ya fremu, na kila mteja huisoma atake asitake. Nimefundisha wengi, lakini kwa ukaidi hakuna aliyemfikia huyu.

Mara ya kwanza alikuja na gita la kwaya alilokuwa akipiga marehemu mumewe, amelifunga kwa kitenge. Lilikuwa bubu. Kamati ya kanisa ilikuwa imeamua kwamba lisipolia siku ya Pasaka, litapelekwa tawi la Ntoto, kule Walikale, lipate mpigaji mwingine. Nilifungua kifuniko, nikaona papo hapo waya uliong'oka kwenye tundu la kuchomekea. Kwa mtu kama mimi, hiyo ni kazi ya kufumba na kufumbua. Nikanyoosha mkono, akauzuia.

«Hapana, Papa Enjenia. Unifundishe.»

«Mama, Pasaka iko karibu. Acha nitengeneze.»

«Ukitengeneza weye, siku itakufa tena nitakufata Kampala? Weye unapenda safari sana!»

Basi nikamwonyesha jinsi ya kupasha waya moto na kuugusisha etani, ule uzi laini unaoyeyuka na kuunganisha. Nikamwambia kwamba waya usipopakwa kitu kwanza, etani haishiki. Kisha nikatoka kumhudumia mteja. Kikapuni mwa mama mlikuwa na samli. Kwao samli hupakwa mtoto, ngozi, hata bawaba ya mlango. Kwa nini isipakwe waya? Moshi ukapanda, karakana ikanukia kama jikoni, na wanaume waliokuwa wakichaji simu wakajaa mlangoni.

«Mama, unapika gita ao unaitengeneza?»

«Ninapika! Mulete bugali, njo tule.»

Tulifuta samli yote, nikampa utomvu mkavu unaofaa kazi hiyo. Hata hivyo, mara ya kwanza etani ikaganda donge la kijivu, waya ukachomoka. Akaungua kidole, akakilamba, akarudia. Kila alipomaliza kuuza maziwa alikuja kujizoeza kwenye redio mbovu, hadi kiungo kikang'aa na waya ukakataa kuvutika. Ndipo akaulehemu waya wa gita mwenyewe. Pasaka gita lililia, likabaki Kirolirwe.

Huku kwetu tumezoea kungoja. Tunangoja fundi atoke Goma, kipuri kifike, barabara ipitike. Diploma yangu najivunia na ukutani haitoki, lakini waya ukikatika Kirolirwe asubuhi ya ibada, diploma iliyo Bihambwe haimsaidii mtu. Yeye alitaka ufundi ulale nyumbani kwake.

Siku ya mazishi gita liliegemezwa karibu na jeneza, limechomekwa kwenye spika. Likawa linanguruma, kama yafanyavyo magita yasiposhikwa. Hakuna aliyethubutu kuligusa, hadi binti yake alipoweka kiganja juu ya nyuzi. Ngurumo ikatulia.

«Waya ya mama ingali inashika,» akaniambia.

«Na ikikatika?»

«Si utanifundisha, Papa?»

Nitamfundisha, na yeyote mwingine atakayekuja. Donge la kwanza litakuwa baya, na kidole kitaungua. Rudieni tu, mpaka kazi iwe yenu. Jumamosi meza iko tayari. Ila samli aiache nyumbani.