Picha Mbili za Ubongo

Mimi ndiye niliyejenga nyumba kabla ya kaka yangu mkubwa. Kwetu Usenge ni mwiko. Mdogo akitangulia kujenga, chira, yaani laana ya kuvunja mwiko, huingia bomani na kuchagua mtu. Nilikuwa na mke mpya na kichwa kigumu, basi nikajenga. Kabla ya mwaka kwisha, kaka yangu alianza kuwajibu watu ambao sisi wengine hatukuwasikia.

Mama hakunigombeza. Kaka alipoongea peke yake, yeye aliyatazama tu mabati ya nyumba yangu, na hilo liliniuma kuliko matusi.

Kwa hiyo watafiti wa ubongo walipofika kliniki ambako kaka huchukulia dawa, mjini Kisumu, wakitafuta wagonjwa na ndugu zao wazima, nilijitolea kabla hawajamaliza kueleza. Nilitaka doa kwenye picha ya ubongo wake. Nilitaka kumwonyesha Mama mahali pa kuweka kidole nimwambie: ni hapa, si kwenye mabati.

Ratiba ilinitaka niingie kwanza kwenye mashine ya kupiga picha hizo. Mama akakataa.

"Hii mara, mkubwa atatangulia," akasema. Ratiba ikabadilishwa.

Baadaye mtafiti, dada mmoja mpole, alituonyesha picha mbili kwenye kompyuta. Mama alizikagua kwa makini, akanyoosha kidole.

"Huyu ndiye mgonjwa. Angalia vile amekaa."

Ilikuwa yangu.

Mtafiti alieleza kwamba picha ya mtu mmoja haisemi mengi. Wanalinganisha vichwa vingi sana, ndipo tofauti ndogo ndogo zinaanza kujitokeza. "Lakini chanzo, Mama, bado tunatafuta."

"Mimi niko nacho nyumbani," Mama akasema. "Kimeezekwa."

Alipokwenda kununua maji, tuliketi kwenye benchi nje, kaka na mimi. Nikamuuliza swali ambalo kwa miaka mitatu nilikuwa nimemuuliza kila mtu isipokuwa yeye.

"Hao watu unaowasikia, wanasemaje juu ya nyumba yangu?"

"Nyumba gani?"

"Ile nilijenga kabla yako."

Akafikiri bila haraka.

"Hiyo hawajawahi taja," akasema. "Wananisema tu mimi. Siku yote."

Nikashusha pumzi, nikamshukuru, hata nikacheka kidogo. Mama alikuwa amesharudi na maji ndipo nikasikia hasa kile kaka yangu alichokuwa ameniambia: siku yote.