Mtende wa Chumvi

Kule Siwa, mji wa jangwani Misri, hata kuta za nyumba zina chumvi ndani yake, basi mtu akisema yeye anachonga chumvi, hakuna anayeshangaa. Umran aliianza kazi hiyo ndevu hazijamwota. Alileta mabonge kutoka ziwa la chumvi, akayatoboa katikati, akatia mshumaa, ikawa taa. Wageni walizinunua wakaenda nazo makwao, naye akabaki na jina moja tu mjini: Umran wa Taa. Hata mkewe Zahwa alimwita hivyo akikasirika. Mwenyewe alitamani aitwe mchongaji, japo mara moja, tena mbele za watu.

Ndipo Haji Mashri, mkubwa wa wakulima wa tende, akamwagiza tuzo ya mkulima bora.

"Lakini si taa, Umran. Ukiniletea taa naiacha hapo hapo mlangoni."

Umran akachonga mtende. Kila kuti alilitia majani yake, membamba kama sindano. Zahwa akapita na kapu lake, akasimama.

"Baba Bilali, huo mtende au nungunungu?"

Umran akanuna, lakini neno likamkaa.

Siku ya kuja kuutazama, Haji alimfunga punda wake uani, mtende ulipokuwa, wakaingia ndani kunywa chai. Na chai ya Siwa ni glasi tatu; mwenye kumimina hainuki mpaka ya tatu iishe. Glasi ya kwanza walizungumza habari za tende. Ya pili, habari za wenye tende, na hapo wema ulipungua kidogo. Mara Umran akasikia sauti uani, kama mtu anayesugua sakafu kwa tambara. Zahwa akatokea mlangoni, nyusi zote mbili juu.

"Kuna nini huko?" Haji akauliza.

"Hakuna kitu, Haji," Umran akajibu, akaanza kumimina ya tatu harakaharaka.

"Basi mimina polepole, bwana. Ya tatu ndiyo tamu."

Walipotoka, punda alikuwa amefumba macho kwa raha, analamba mtende.

"Nimemvuta mpaka kamba imenichubua," Zahwa akasema. "Hasikii la mtu!"

Haji akashika kichwa. "Yarabi! Punda wangu kala tuzo yangu mwenyewe!"

Umran akamwendea punda kwa hasira. Kisha akatazama vizuri. Upande uliolambwa, sindano zote zilikwisha. Makuti yalikuwa laini, yameinama kama yana upepo, na jua likipita ndani yake rangi ilikuwa ya asali. Upande wa pili ulibaki mweupe, umesimama manywele. Nungunungu kweli.

"Mama Bilali, nipe tambara na maji."

"Unafanya nini sasa?" Haji akauliza.

"Namalizia kazi ya mwenzangu."

Siku ya sherehe Haji aliuinua ule mtende juu mbele za watu.

"Tuzo hii ni kazi ya Umran wa..." Akakohoa. "Ya mchongaji wetu, Umran."

Umran akainamisha kichwa, macho yamelowa. Sauti ikatoka nyuma: "Na punda je, Haji?"

"Naye mchongaji!" Haji akajibu.

Uwanja mzima ukaangua kicheko, na Umran akacheka kuliko wote. Kugawana jina na punda hakukumsumbua hata kidogo. Alimfuata tu mkulima aliyeshinda, akamnong'oneza:

"Ndugu yangu, una mbuzi nyumbani? Basi mtende huu uweke juu sana."