Unga Ulioumuka Ndani ya Injini

Dada yangu alikuwa ameketi kiti cha nyuma pamoja na wanawe, mizigo ya safari ya Kitui miguuni. Mume wake ameshika ufunguo. Mimi nilikuwa naenda kutupa donge la unga lililobaki juu ya bati, hapo uwanjani Mbotela tunapotengenezea magari. Nilipolitazama, nikasita. Donge nililoliacha likiwa kama limau sasa lilikuwa kubwa kama ngumi.

"Shemeji, usiwashe!"

Sauti ilinitoka kwa namna iliyowatisha watoto.

Shemeji alitaka gari lenye nguvu milimani. Alikuwa amenunua kamshafti ya mtumba, mhimili unaofungua vali za hewa na moshi, ambayo huzisukuma ndani zaidi, na hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, ilikuwa imechongwa uso ikapungua unene. Mambo yote mawili husogeza vali karibu na pistoni. Ukizungusha injini kwa mkono zinaweza kupishana bila kugusana. Lakini injini ikikimbia, springi huchelewa kuirudisha vali, pistoni inapanda na kuigonga. Injini hufa papo hapo, na ukiwa kwenye mteremko, lori liko nyuma yako.

Ndiyo maana sikubali hedi ifungwe kabla ya kupima nafasi kati ya vali na pistoni. Kazi hii nilijifunza mwenyewe, kwa vitabu vya kando ya barabara na injini zilizokufa. Kwetu tunapima kwa unga wa chapati, uliokandwa kwa maji na chumvi tu. Unaubandika juu ya pistoni, unapaka vali mafuta zisinate, unafunga hedi, unazungusha injini taratibu kwa spana. Ukifungua, vali zimeacha alama. Unakata hapo kwa wembe na kupima unene uliobaki. Huo ndio upana wa nafasi.

Asubuhi hiyo nilimtuma shemeji kwa mama wa kibanda cha chakula alete unga. Tukaubandika, tukazungusha, kisha tukaenda kula kabla ya kufungua hedi. Jua lilikuwa kali. Tuliporudi nikapima: nafasi ya kutosha, hata ya ziada. Nilifurahi. Tukasafisha, tukafunga kila kitu.

Sasa nilimshikia shemeji donge lile mbele ya uso.

"Huu ni unga gani?"

"Unga ni unga, shemeji. Ulikuwa wa mandazi, wa chapati ulikuwa umeisha."

Wa mandazi. Wenye hamira. Tulipokuwa tukila, uliumuka ndani ya injini na kuzijaza alama za vali. Nilikuwa nimepima hamira.

Dada akashuka. "Kwani gari limefanya nini?"

"Bado halijafanya kitu."

Tulifungua tena. Safari hii niliukanda unga mwenyewe, bila hamira, na nilipomaliza kuzungusha injini sikungoja hata kunawa. Kwenye alama ya vali ya moshi, unga ulikuwa umebaki mwembamba kama karatasi. Niliukata kwa wembe, nikakibandua kipande hicho. Nilikaa chini kwenye changarawe.

Mama wa kibanda alikuwa amekuja kuona kelele ni za nini. "Si nilimuuliza unga ni wa nini? Akaniambia wa kupima gari. Nikajua huyu ananichezea tu."

"Wewe!" dada akamgeukia mumewe. "Unga wa chapati huujui? Na jana ulikula tano!"

Shemeji alikuwa akiutazama ufunguo mkononi mwake kana kwamba kuna mtu amemwekea.

"Tungefika wapi?" akaniuliza hatimaye.

"Sijui. Labda mteremko wa kwanza ukikanyaga mafuta."

Nilimwambia kamshafti ya zamani itarudi leo, na ile ya mtumba sitaifunga. Hakubishana, yeye ambaye hubishana hata na refa wa kwenye televisheni.

Dada aliniomba kile kipande cha unga. Nilikiweka kiganjani mwake, akakiinua kuelekea mwangani. Kivuli cha kidole chake kilionekana upande wa pili. Akanirudishia, kisha akafungua mlango wa gari na kuanza kutoa mizigo, mmoja mmoja, akiipanga ukutani mbali na gari.