Bati la Mkia na Matundu Yake Matatu

Nilikuwa nimekaa nyumbani Makadara mwaka mzima na digrii yangu nilipochukuliwa na jumba moja la makumbusho kwa majaribio ya miezi mitatu. Walikuwa wameteremsha kutoka mlimani mabaki ya ndege ya wakati wa vita. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupeleka bati la mkia kwa fundi mmoja karibu na Soko la Burma, alinyooshe mikunjo. Nikiiharibu hiyo, nilijua sitaandikwa kazi.

Nilimwandikia fundi maagizo ya kurasa mbili. Asipige msasa. Asipake rangi. Asitumie nyundo ya chuma. Kuhusu matundu matatu ya risasi yaliyokuwa kwenye bati sikuandika kitu.

Niliporudi, bati lilikuwa limenyooka, na juu ya kila tundu palikuwa na kiraka cha alumini, kimekazwa kwa ribiti nane safi, vijisumari vya kubania mabati.

"Mzee, yale yalikuwa matundu ya risasi."

"Najua. Nimeziba sufuria tangu hujazaliwa, nitashindwa kujua risasi?"

"Sasa mbona ukaziba?"

"Msomi, kitu kikitoka hapa kikiwa na tundu, watanicheka hadi Pumwani."

Akaligeuza bati, akanishika kidole gumba na kukipitisha kwenye kingo za matundu, upande wa ndani. "Risasi zote ziliingia wima, kutoka juu. Ndege hii ilipigwa ikiwa imelala chini."

Faili ilisema ndege iligonga mlima kwenye ukungu. Nani anapiga risasi ndege iliyokwisha kufa? Kwa muda nilivisahau viraka.

"Labda mtu aliogopa itaamka," fundi akasema.

Nilimwomba afungue viraka. Alikubali kwa shingo upande, akatoa ribiti moja moja kwa drili. Kila tundu likabaki limezungukwa na vitundu vinane ambavyo havikuwepo mwanzo.

Njiani nilitunga uongo wa aina tatu, na wote ulikuwa na kasoro. Mkubwa wangu pale makumbusho alipoinama kuvihesabu vile vitundu, nikamweleza yote, nikianzia na nilichosahau kuandika. Alipitisha kidole pale nilipopitisha changu.

"Ikiwa imelala?"

"Ndivyo anavyosema fundi."

"Kesho saa mbili nipeleke kwake, na bati tulibebe."

Fundi alipotuona hakungoja salamu. "Bosi, lawama za hayo matundu usinibebeshe mimi. Ni huyu msomi wako aliyeyataka."

Mkubwa wangu alikuwa ameshachuchumaa kando ya bati. "Nionyeshe," akamwambia. Kisha akanigeukia mimi: "Na wewe andika. Safari hii usiache kitu."